Je, kuuliza hesabu za kanisa ni kumgusa masihi wa Bwana?

*«Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi katika kanisa letu. Mwaka jana tulichanga fedha za mabati na fedha zikatolewa benki, lakini hadi leo mabati hayajafika na jengo limebaki kuta tupu. Nilipouliza kikaoni, mchungaji alijibu kwamba mambo ya madhabahu hayaulizwi kama mambo ya duka. Baada ya wiki mbili za kimya, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama kwamba tuziombee fedha za mabati zilizopotelea hewani. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kutoka 1 Samweli 24:6, kwamba Daudi hakuthubutu kumgusa Sauli ingawa Sauli alikuwa mbaya. Akamalizia na Zaburi 105:15, ‹Msiwaguse masihi wangu›, akawataja waasi Kora na Absalomu, na kila mtu akajua anayesemwa ni nani. Mama yangu mzazi anasema nikapige magoti niombe radhi. Mume wangu anasema tuhame kanisa. Mimi silali. Je, nimemgusa masihi wa Bwana? Na je, uaminifu kwa kiongozi maana yake ni kunyamaza?»*

Dada yangu mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kwa kuwa umesema hulali, nitakupa jibu fupi kwanza: hukumgusa masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, kwa kuuliza mabati yako wapi. Hata hivyo, lipo jambo dogo ulilolifanya baadaye ambalo andiko hilohilo la 1 Samweli 24 linalizungumzia. Nitalifikia, kwa maana ulikwisha kusomewa nusu ya andiko, nami sitakutendea haki nikikusomea nusu ya pili peke yake.

Tuanzie pangoni. Daudi amejificha En-gedi, upande wa magharibi wa Bahari ya Chumvi, akiwa na watu wapatao 600, na Sauli anamwinda kwa askari 3,000 walioteuliwa katika Israeli yote. Mfalme anaingia pangoni «kufunika miguu yake», ambayo ni tasfida ya Kiebrania ya kwenda haja, wala hajui kwamba watu anaowatafuta wameketi gizani nyuma yake. Watu wa Daudi wanamnong'oneza kwamba siku aliyoahidiwa imefika. Wanachomshauri ni kumuua mfalme. Hakuna anayemshauri amwandikie barua wala amwombe taarifa ya mapato na matumizi, na ni ushauri huo wa kuua ambao Daudi anaukataa katika mstari wa 6, akisema hawezi kuunyosha mkono wake juu ya masihi wa BWANA.

Ufunguo wa mstari huo ni maneno «kuunyosha mkono», na Biblia yenyewe inatufafanulia maana yake, kwa sababu katika sura ya kwanza ya 2 Samweli Mwamaleki mmoja anamjia Daudi na taji ya Sauli, akijisifu kwamba yeye ndiye aliyemmaliza mfalme vitani, na Daudi anamuuliza kwa maneno yaleyale: ilikuwaje hukuogopa kuunyosha mkono wako umwangamize masihi wa BWANA? Kunyosha mkono ni kumwaga damu. Hakuna mahali katika vitabu hivi viwili vya Samweli ambapo maneno hayo yametumika kwa mtu aliyeuliza swali, aliyetoa shauri au aliyekemea. Kama kukemea kungekuwa kumgusa masihi, basi nabii Samweli mwenyewe angekuwa wa kwanza kuhukumiwa, maana ndiye aliyemwambia Sauli usoni kwamba ametenda upumbavu, katika sura ya 13, na katika sura ya 15 kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Nabii Nathani naye angefuata, kwa jinsi alivyomwambia Daudi, naye akiwa mpakwa mafuta, kwamba mtu mwovu wa kwenye mfano wa kondoo ni yeye mwenyewe.

Sasa tazama Daudi anafanya nini baada ya Sauli kutoka pangoni, kwa maana hapo ndipo mahubiri mengi hukomea. Anatoka nyuma yake, anamwita «Bwana wangu mfalme», anainama hadi nchi, kisha anasema. Anasema kwa sauti, mbele ya jeshi, akiwa na ushahidi mkononi. Anamuuliza mfalme kwa nini anasikiliza maneno ya watu, anamwita «baba yangu», anamwonyesha kipande cha vazi la Sauli alichokikata pangoni, anamtaka akubali kwamba hakuna uovu mkononi mwake, na anamkabidhi kwa hukumu ya Mungu huku akirudia kwamba mkono wake hautakuwa juu yake. Huo ni mstari wa 8 hadi wa 15, mistari minane ya mtu anayemdai mfalme wake haki, kwa heshima kamili na bila kumeza neno. Andiko ulilohubiriwa linaufunga mkono wenye kisu. Kinywa cha Daudi limekiacha wazi kabisa.

Tena, Sauli anapolia na kukiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye, Daudi harudi naye nyumbani. Mstari wa mwisho wa sura unasema Sauli alikwenda kwake, na Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Alimsamehe, akamheshimu, akakaa mbali naye. Watu wengi hudhani mambo hayo matatu hayawezi kukaa katika moyo mmoja.

Kuhusu Zaburi 105:15 nitakwenda polepole zaidi, kwa sababu sijui kama kuna mstari mwingine katika Biblia yetu uliogeuzwa miguu juu kichwa chini kama huo. Neno masihi, tulilolipokea kwa njia ya Kiarabu na ambalo ni ndugu wa neno la Kiebrania, maana yake ni aliyepakwa mafuta. Wanaoitwa hivyo katika zaburi hii ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Soma kuanzia mstari wa 9 utawaona kwa majina. Mstari wa 12 unasema walikuwa watu wachache, tena wageni katika nchi, na mstari wa 14 unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Wanaoambiwa «msiwaguse» ni wafalme, na wanaolindwa ni familia ya wahamaji wasio na jeshi wala mji. Kisa chenyewe kiko katika Mwanzo 20, pale Abimeleki mfalme wa Gerari alipomtwaa Sara, na Mungu akamwambia katika ndoto kwamba hakumwacha amguse. Katika sura hiyo ndipo Ibrahimu anapoitwa nabii, naye ndiye mtu wa kwanza kuitwa hivyo katika Biblia. Kwa hiyo mstari huu ulizaliwa kama onyo kwa mwenye nguvu, asimguse mwanamke wa watu wasio na mtetezi. Kumsomea mshirika aliyeketi benchini, asiye na kipaza sauti, ni kuuelekeza kwa yule ambaye uliandikwa kumlinda.

Lipo na jambo la upako wenyewe. Katika Agano la Kale walipakwa mafuta wafalme na makuhani, na hata Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, anaitwa masihi katika Isaya 45:1, jambo linaloonyesha kwamba jina hilo linataja kazi aliyopewa mtu, wala si cheti cha tabia yake. Katika Agano Jipya Masihi ni mmoja, Yesu Kristo, na waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 2 mstari wa 20, unawaambia waamini wote kwamba wamepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu. Mchungaji wako ana upako. Unao na wewe, anao na yule bibi anayefagia kanisa kila Jumamosi.

Swali lako la pili linahusu uaminifu, na hapa naomba uisome sura ya 22 ya 1 Samweli. Sauli amewakusanya watumishi wake chini ya mti na analalamika kwamba wote wamefanya njama juu yake. Kuhani Ahimeleki, anayeshtakiwa kwa kumpa Daudi mikate, anamjibu mfalme kwa swali: katika watumishi wako wote, ni nani aliye mwaminifu kama Daudi? Anayeitwa mwaminifu ni mtu ambaye mfalme amemtangaza mwasi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo latoka katika mzizi uleule wa «Amina», na lugha yetu imebahatika kuwa na tawi la mzizi huohuo kupitia Kiarabu, kwa kuwa kuamini, mwaminifu na amana vimetoka shina moja. Mwaminifu, kwa masikio ya Kiswahili, ni mtu anayeweza kuachiwa amana ya watu na akaja kuulizwa iko wapi. Wewe, mweka hazina, ndiyo kazi uliyopewa.

Na kabla sura hiyo haijaisha, Sauli anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu, nao wanakataa, tena mwandishi anasema walikataa kuunyosha mkono wao juu ya makuhani wa BWANA. Ni maneno yaleyale ya pangoni, safari hii yakitumika kwa watu waliokataa amri ya masihi mwenyewe, wala mwandishi hawalaumu hata kidogo. Anayetii ni Doegi Mwedomi, na makuhani 85 wanakufa siku ile. Kwa kipimo cha utii mtupu, Doegi ndiye angekuwa mtumishi bora wa Sauli. Sisemi mchungaji wako anafanana na Sauli wa sura hiyo, na ninakuomba usimfikirie hivyo. Lakini sisi tunaoishi ukanda huu tuliona mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mahali panapoweza kufika kundi ambalo neno la kiongozi halihojiwi.

Umeitwa Kora pia, na jina hilo huuma. Kora, pamoja na Dathani, Abiramu na wakuu 250, hakwenda kwa Musa kuuliza jambo. Alikuwa Mlawi aliyeutaka ukuhani, kama Musa anavyomwambia waziwazi katika Hesabu 16:10. Absalomu, mwana wa Daudi, naye alisimama asubuhi kando ya njia ya lango, akiwabusu watu na kuwaambia laiti yeye angefanywa mwamuzi. Wote wawili walitaka kiti. Kwa hiyo jiulize kwa unyofu, mbele za Mungu: ninataka mabati, au ninataka huyu mtu aondoke? Ukikuta moyoni umechanganya vyote viwili, na mara nyingi ndivyo ilivyo, tubu kile cha pili bila kukiacha cha kwanza.

Kinachonivutia zaidi katika kisa cha Kora ni namna Musa anavyojitetea. Katika mstari wa 15 anasema hakutwaa hata punda mmoja kwao. Miaka mingi baadaye Samweli, akiaga, anasimama mbele ya taifa zima na kuwaomba wamshuhudie kama aliwahi kutwaa ng'ombe au punda wa mtu yeyote, naye anasema hayo mbele za BWANA na mbele ya masihi wake. Kiongozi anaomba akaguliwe, na masihi yupo hapo kama shahidi! Ama Musa, yeye hakuishia kwenye punda. Fungua Kutoka 38, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa imejaa tarakimu, uisome kwa macho ya mweka hazina. Musa ameagiza hesabu ya maskani, lile hema la ibada, ifanywe, imesimamiwa na Ithamari mwana wa Haruni: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, shaba talanta 70 na shekeli 2,400, fedha talanta 100 na shekeli 1,775. Fedha hiyo ilitoka kwa wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli. Chukua kalamu: nusu ya 603,550 ni 301,775, talanta moja ni shekeli 3,000, basi talanta 100 ni 300,000, na zinazobaki ni 1,775 kamili. Kisha andiko linaeleza matumizi, talanta 100 kwa vikalio 100, talanta moja kila kikalio, na zile 1,775 kwa kulabu za nguzo na mapambo yake. Hesabu imefunga hadi shekeli ya mwisho. Hayo ndiyo mambo ya madhabahu, na yaliandikwa kwa namna ambayo mwenye duka yeyote angeielewa.

Mchungaji wako anaweza kukujibu kwa maandiko mawili, na ni haki yake yasikilizwe. La kwanza ni Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza. Ni amri ya kweli na inatufunga, ila mstari huohuo unawaita viongozi watu watakaotoa hesabu. La pili ni gumu zaidi, nalo ni 2 Wafalme 12:15, linalosema kwamba wakati wa kutengeneza hekalu hawakufanya hesabu na watu waliopewa fedha za kuwalipa mafundi, kwa maana walitenda kwa uaminifu. Andiko hilo linatufundisha kutomsumbua kila fundi kwa kila msumari. Lakini angalia lilivyotangulia: makuhani walikuwa wamepokea fedha hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi bila kutengeneza kitu, ndipo Yehoyada akaweka sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, na fedha zikawa zinahesabiwa na watu wawili kwa pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kuaminiana kule kulisimama juu ya kuhesabu huku.

Sasa nilifikie lile jambo dogo. Kabla ya hotuba yake nzuri, Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli gizani, na mstari wa 5 wa 1 Samweli 24 unasema moyo wake ukamchoma. Kwa nini, na hakumjeruhi hata ukucha? Katika sura ya 15 upindo wa vazi la Samweli uliporaruka mkononi mwa Sauli, Samweli alisema hivyo ndivyo ufalme ulivyoraruliwa kwake. Kukata upindo kulikuwa kumvua mfalme heshima yake nyuma ya mgongo, akiwa amechutama. Dada yangu, lile swali lako la kikaoni lilikuwa hotuba ya Daudi, na ule ujumbe wa kundi la akina mama ulikuwa upindo. Uliposema fedha zimepotelea hewani, ulikuwa umekwisha kuhukumu, tena uliivika hukumu hiyo vazi la ombi, na sote tulio makanisani tunazijua sala za namna hiyo. Paulo anamwagiza Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na kundi la WhatsApp lenye watu wengi halihesabiwi kuwa mashahidi.

Nami niungame la kwangu. Nikiwa mchungaji kijana, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kuhusu fedha za mafuta ya pikipiki, nami Jumapili iliyofuata nikahubiri Kora kwa dakika arobaini. Mzee yule alikaa palepale benchi la tatu, akasikiliza hadi mwisho, akaja mlangoni kunipa mkono. Sikuwa nimeiba, nilikuwa nimepoteza risiti na niliona aibu. Ninakueleza haya ili ukumbuke kwamba ukali wa mimbarini si ushahidi wa wizi. Huenda mchungaji wako alilipa malipo ya awali kwa mfanyabiashara asiyeleta mzigo, huenda alizihamishia kwenye deni jingine la kanisa akitumaini kuzirudisha, na huenda kuna baya zaidi. Hujui bado, wala mimi sijui.

Basi, mama yako na mume wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nenda kwa mchungaji ukiwa na mzee mmoja mnayemheshimu nyote wawili, umwombe radhi kwa ujumbe ule, na kwa huo tu, kisha uandike kwenye kundi lilelile kwamba ulikosea kusema kabla ya kujua. Usiombe radhi kwa kuuliza, hata ukisukumwa, kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa umekiri kosa ambalo Maandiko hayalijui, na mweka hazina atakayekuja baada yako atafungwa mdomo kwa mfano wako. Palepale urudie swali kwa upole na kwa mambo mahususi: fedha zilitolewa tarehe gani, kwa saini za nani, zililipwa duka gani, na stakabadhi iko wapi. Ikiwa saini yako ipo kwenye hati ya kutoa fedha, wewe pia ni mtoa hesabu, hivyo pateni taarifa ya benki mapema, ukiwa na mtia saini mwenzako. Kuhusu kuhama, msiamue wiki hii. Daudi alipanda ngomeni baada ya kusema, hakupanda badala ya kusema.

Msipopata jibu ndani ya muda mliokubaliana, jambo hili limevuka uwezo wa barua yangu na linahitaji watu wa kuketi nanyi ana kwa ana. Kama kanisa lenu lina jimbo au dayosisi, peleka suala kwa ofisi iliyo juu ya mchungaji kwa maandishi. Kama ni kanisa linalojitegemea, isomeni katiba iliyowasilishwa wakati wa kusajiliwa, maana ndimo mtakapoona nani ana mamlaka ya kuitisha ukaguzi, na mkikwama, ofisi ya msajili ipo. Ikidhihirika kwamba fedha zimeibwa, tafuteni wakili kabla ya kutangaza lolote. Katazo la Paulo kuhusu waamini kushtakiana, katika 1 Wakorintho 6, lilihusu madai ya mtu na mwenzake, na sadaka za watu mia si deni lako binafsi la kusamehe peke yako. Na huko kukosa usingizi, ukiona kunaendelea, mwone daktari au mshauri asiye mshirika wa kanisa lenu, kwa kuwa huwezi kuzungumza kwa upole wa Daudi ukiwa hujalala mwezi mzima.

Ukiamua mwishoni kuiacha nafasi ya uweka hazina, usiache daftari mezani na kuondoka. Funga jumla ya ukurasa wa mwisho, likabidhi pamoja na vishina vya stakabadhi mbele ya watu wawili, na uondoke na nakala yenye saini ya aliyepokea.